Mkono wa Kusongea Ugali

Johannesburg watu husimamisha gari kwa vidole. Daladala za huko huitwa teksi, na nyingi hazina ubao wala konda wa kuning'inia mlangoni akiita majina ya vituo. Abiria ndiye anayesema aendako, tena bila kufungua mdomo. Ukiinua kidole cha shahada juu, dereva anajua unakwenda katikati ya mji. Ukikielekeza chini, unataka safari fupi ya hapa hapa mtaani. Wanaokwenda Orange Farm hukunja kiganja kikitazama juu, kana kwamba kimebeba chungwa. Msanii Susan Woolf alitumia miaka mingi kukusanya na kuchora alama hizi, akazitengenezea pia maumbo ya kupapasa kwa ajili ya wasioona, na mwaka 2010 zilitoka kwenye stempu za posta ya Afrika Kusini.

Nilizitazama kwa jicho la mtu aliyefuata mikono. Mtaani kwetu Moshi karakana za useremala ni nyingi, na mafundi wenye vidole pungufu nao ni wengi. Jirani yetu mmoja alikatwa na msumeno wa mashine mkono wa kulia, akabaki na kidole gumba na nusu ya kiganja. Aliposikia nakwenda Afrika Kusini alinipa ombi moja: nikaione ile mikono ya plastiki inayotoka kwenye printa za 3D, nikaulize kama inaweza kushika randa. Video za mikono hiyo alikwisha ziona nyingi. Alitaka habari za watu wanaoivaa, wanafanya nayo nini ikifika saa nne asubuhi na kazi imepamba moto.

Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zina ubaridi wa Kibosho, kwetu Kilimanjaro. Pembezoni vimesimama vilima vya njano vilivyonyooka ubavu, mchanga uliotolewa chini ya ardhi tangu dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886. Mijakaranda ilikuwa imechanua, mingi kuliko ya Moshi na Arusha ukiichanganya, na barabara za Pretoria zilikuwa zambarau juu na chini. Jua la mchana ni kali, ikifika jioni mawingu yanakusanyika ghafla, radi inapiga, mvua inanyesha kwa hasira, kisha mbingu inakuwa safi na watu wanarudi kwenye majiko yao ya nyama barazani.

Kuanzia Johannesburg kulikuwa na haki yake, kwa kuwa habari ya mikono hii ya printa ilianza na seremala wa mji huo. Mwaka 2011 Richard van As alipoteza vidole vya mkono wa kulia kwenye msumeno. Bei za vidole bandia alizotajiwa zilimshinda, akaanza kutafuta njia nyingine. Kwenye intaneti akakuta video ya Ivan Owen, Mmarekani wa jimbo la Washington aliyekuwa ametengeneza mkono mkubwa wa chuma kwa ajili ya vazi la maonyesho, vidole vyake vikivutwa kwa waya. Wawili hao wakaanza kushirikiana, kati yao kukiwa na kilomita zipatazo 16,000. Sehemu ya fikra waliipata kwenye mkono wa karne ya 19 uliotengenezwa Adelaide, Australia, na daktari wa meno Robert Norman kwa ajili ya askari aliyeitwa Koplo Coles: mfupa wa nyangumi, kapi ndogo ndogo, na nyuzi za utumbo wa mnyama. Kisha mama mmoja wa Afrika Kusini akawaomba msaada kwa mwanawe wa miaka mitano aliyezaliwa bila vidole vya mkono mmoja. Mkono wa mtoto huyo ulifanikiwa, na Januari 2013 michoro yake ikawekwa wazi, yeyote aichukue, aichape na kuibadilisha bila kulipa.

Mwaka huo huo Jon Schull, wa Rochester nchini Marekani, alianza kuwaunganisha watu wenye printa na watu wenye kuhitaji mikono, na ndipo ulipozaliwa mtandao wa kujitolea uitwao e-NABLE. Michoro ikaongezeka. Jorge Zuniga na wenzake wa Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, walitoa mkono wa watoto walioupa jina la Cyborg Beast, wakakadiria gharama ya vifaa vyake kuwa dola 50 hivi. Mwaka 2014 ukaja Raptor, baadaye Phoenix. Bei hiyo ya dola 50 ndiyo inayotajwa kila mahali, nami sibishi kwamba ni jambo kubwa. Lakini kilichonivuta mimi ni ile ruhusa ya kubadilisha, na nilitaka kuona watu wanaifanyia nini.

Karakana niliyokaribishwa iko mashariki ya mji, juu ya duka la vipuri vya magari. Fundi mwenyewe ni Mzulu mrefu, mpole, ambaye kila aliyeingia alimwita Bhuti, kaka, hata wazee waliomzidi umri. Nami nikamwita hivyo. Alikuwa na printa mbili na betri kubwa za kuzilinda na mgao wa umeme, maana umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, kidole kinaharibika na kuanza upya ni saa nyingi. Mgao ulituunganisha haraka, nikamsimulia wa kwetu, akanisimulia wa kwao.

Rafu ya juu kabisa kulikuwa na sanduku. Alilishusha akanifungulia. Ndani mlikuwa na mikono kumi na kitu, ya rangi za mashujaa wa sinema, nyekundu na dhahabu, bluu na nyekundu, imeunganishwa vizuri, imepangwa midogo, ya kati na mikubwa. Ilitumwa kutoka ng'ambo na watu wema ambao hawakuwahi kuonana na mtu hata mmoja wa kuivaa. Hakuna hata mmoja uliomkaa mtu. Bhuti hakuwalaumu, alisema ameibakiza ili kila kijana anayekuja kujifunza kwake aanze kwa kulitazama sanduku hilo. Mimi ninawalaumu kidogo. Mtu akikushonea suruali bila kukupima, hata ikiwa ya bure, amejifurahisha mwenyewe.

Kazi ya kupima nilivyoiona haianzi na futi. Inaanza na maswali, na maswali hayo yanahusu siku ya mtu tangu anapoamka. Anavaa nini, anafunga vifungo vipi, anapika, anaendesha baiskeli, anabeba mtoto? Kitu gani amekwisha jifunza kukifanya kwa mkono mmoja na hataki kusumbuliwa nacho? Baada ya hapo ndipo kigutu kinalazwa juu ya karatasi yenye miraba ya sentimita, na picha inapigwa kutoka juu moja kwa moja, simu isiinamishwe, rula ikionekana pembeni. Mkono mzima nao unapigwa picha, kwa kuwa umbo lake likigeuzwa kwenye kompyuta ndilo linalotoa urefu wa vidole vya mkono wa pili. Futi inazungushwa kwenye kifundo cha mkono na sehemu mbili za kigasha. Na Bhuti hupima asubuhi, kisha anamwomba mtu arudi alasiri apimwe tena, kwani kigutu huvimba na kupungua kwa joto na kwa kazi. Mkono unaokaa vizuri saa mbili asubuhi unaweza kuwa mateso saa tisa.

Mwendo wa mikono hii si mgumu kuuelewa. Mtu akikunja kifundo cha mkono, nyuzi za mshipi wa kuvulia zilizopita juu ya kiganja zinavutika na vidole vinafumba. Akinyoosha kifundo, vipande vya mpira vinavifungua. Hakuna betri wala injini. Kwa hiyo anayeweza kuutumia ni yule ambaye kifundo chake bado kinakunjika na aliyebakiwa na sehemu ya kiganja ya kusukuma. Waliokatwa juu ya hapo wana michoro mingine inayotumia kiwiko.

Ugumu uko kwenye ukubwa. Mchoro ukiwa umewekwa kwa asilimia 100, mtu mwenye kiganja kipana anaweza kuhitaji asilimia 125. Kompyuta inapanua kila kitu kwa pamoja: kiganja kinatosha, lakini vidole navyo vinakuwa virefu kuliko vya mkono wa pili, na tundu la skrubu lililokuwa milimita 3 linakuwa milimita 3.75, skrubu inacheza. Ukipunguza kwa ajili ya mtoto, matundu ya nyuzi yanabana hadi uzi haupiti. Ndiyo maana fundi anahitaji mchoro wa asili, wenye vipimo vinavyobadilika kimoja kimoja. Mara nyingi kinachogawiwa ni faili ya mwisho, na faili hiyo ni kama tofali lililokwisha chomwa, unaweza kulichonga pembe lakini huwezi kulifinyanga tena. Bhuti alikuwa amechora upya michoro miwili, mwanzo hadi mwisho, kwa jasho lake ili apate kugusa kiganja bila kugusa vidole, na michoro yake ameiweka wazi wengine waitumie.

Tulikwenda Soweto, mtaa wa Orlando, kumpelekea mkono mvulana wa darasa la sita aliyezaliwa bila vidole vya mkono wa kulia. Anaishi na bibi yake, gogo mwenye sauti ya kanisani na macho ya kuona kila kitu. Hapo nilishuhudia mvutano wa rangi. Gogo alitaka mkono wa kahawia, unaofanana na ngozi, watu wasigeuke kutazama ibadani. Mjukuu alitaka njano na nyeusi za Kaizer Chiefs. Nyumbani kwetu mzozo huo ungekwisha kwa sauti ya mkubwa. Gogo aliusikiliza hadi mwisho, akamwuliza mtoto, "Kwa nini unataka watu watazame?" Mtoto akajibu kwamba watatazama tu, basi waone Amakhosi. Gogo alinyamaza kidogo, akacheka, akasema yeye ni wa Orlando Pirates tangu usichana na hajui amekosea wapi katika malezi. Mkono ukabaki wa njano na nyeusi.

Lakini mvulana alikuwa na malalamiko mazito kuliko rangi. Vijana wa kule husalimiana kwa hatua tatu: viganja vinakutana, vinageuka na kushikana kwa vidole gumba, kisha vinarudi. Mkono wake wa zamani ulikwama kwenye hatua ya pili, kwa kuwa kidole gumba kilikuwa kimewekwa pembe ya kushikia chupa au mpira. Wenzake walikuwa wanamrukia hatua hiyo kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma. Bhuti alikuwa ameufungua mchoro, akakizungusha kidole gumba nje kwa digrii chache na kuufanya mpako wake wa ndani kuwa wa mpira laini. Tulisimama uani tukamsalimu mmoja mmoja, gogo wa mwisho, hatua zote tatu. Chupa sasa inashikika kwa shida kidogo, na mvulana alijua hivyo kabla, akachagua.

Nilimfikiria mchoraji wa kwanza wa kidole gumba kile. Hakufanya kosa lolote. Alikuwa na mtoto wake mbele yake, mwenye mahitaji yake, akamchorea. Kwetu Kilimanjaro kuna kuchuma kahawa, punje nyekundu moja moja bila kung'oa kikonyo, na kuna kupokea kitu kutoka kwa mkubwa kwa mikono miwili. Hakuna mtu wa Omaha wala Rochester atakayeyachora hayo kwa kubahatisha, na si kazi yake.

Baadaye tulikula kando ya barabara, nyama ya kuchoma, chakalaka na pap, ugali mweupe wa wenyeji wetu, mwingine laini kuliko wetu, mwingine wa kukatika. Beseni la maji lilizungushwa. Mvulana alinawa mkono wa kushoto akala kwa kijiko, kwa sababu gogo hakubali ugali uliwe kwa mkono wa kushoto mezani pake, na mkono wa njano haukuwa umetengenezwa kumega. Plastiki yake huitwa PLA, na sehemu kubwa ya PLA duniani hutokana na wanga wa mahindi. Hiyo sinia na huo mkono vilianzia shambani. Kijiko cha mvulana kikanikumbusha kijana mmoja wa Milima ya Nuba aliyepoteza mikono yote miwili kwa bomu. Mwaka 2013 Mmarekani Mick Ebeling alipeleka printa upande ule, akamtengenezea mkono, na kijana akajilisha mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Alitumia kijiko. Kwa mtu aliyelishwa miaka miwili kijiko ni uhuru kamili. Bado natamani kuona mkono wa kumega tonge.

Si kila mtu anautaka mkono wa printa, na ningekuwa nimesafiri bure kama nisingekutana na mwanamume wa soko la City Deep. Ni soko kubwa la mboga na matunda, alfajiri lina kelele za matrekta madogo na harufu ya vitunguu. Yeye husukuma mkokoteni wa viazi, na mkono wake wa kushoto ni ndoano ya chuma ya hospitali, inayofunguka kwa mkanda uliopita mgongoni. Bhuti alikuwa amemtengenezea mkono wa vidole vitano bila malipo. Aliuvaa wiki kadhaa akaurudisha. Aliniambia vidole vile vinapendeza lakini gunia halijui kupendeza, na ndoano yake ameitumia tangu ujanani, imebadilishwa mkanda tu. Alinionyesha jinsi anavyochukua sarafu sakafuni kwa ncha ya chuma. Nilimsikiliza nikifikiria wataalamu wetu wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wanajua kutazama ngozi ya kigutu, kugundua kidonda kabla hakijafunguka, kujua mshipa upi usibanwe. Ujuzi huo haumo kwenye faili yoyote, na karakana yenye printa ikifanya kazi bila wao itaumiza watu.

Wao nao wanazidiwa. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata. Mikono iko nyuma zaidi ya miguu kwa ninavyoona nyumbani: asiye na mguu hawezi kufika shambani, kwa hiyo familia inajikusanya, asiye na mkono anaambiwa azoee.

Yeoville ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kokote. Kipindi fulani ulikuwa mtaa wa wasanii na Wayahudi, leo soko lake la Rockey Street lina sombe, yaani kisamvu, mihogo, samaki wakavu na vitenge, na ukitega sikio unasikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili. Mama niliyemfuata anatoka Lubumbashi. Ana kibanda cha chakula, bukari, ndio ugali wa kwao, na sombe na samaki, na wateja wake ni walinzi na wasusi. Mkono wake wa kulia ulinaswa na mkanda wa mashine ya kusaga huko kwao. Vidole vyote vimekwenda, kifundo na nusu ya kiganja vimebaki. Nilimwamkia kwa Kiswahili akaacha alichokuwa anafanya, akanivutia kiti na kuniuliza habari za Tanzania kana kwamba ameishi huko, akaniita dada hadi siku ya kuagana.

Bhuti alikuwa amemtengenezea mkono wa kawaida kwanza. Mama aliuvaa kwa furaha, akaenda nao kwenye sufuria. Ugali wa kuuza husongwa mwingi na mgumu, mwiko unalalamika. Vidole vilivyovutwa kwa nyuzi vilifumba vizuri kwenye mwiko, lakini ugali ulipokaza viliachia. Akajaribu kuugeuza mpango, mkono mzima usonge na wa plastiki ushike ukingo wa sufuria. Hapo joto likafanya kazi yake. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ukingo wa sufuria ya ugali umepita hapo mbali. Kidole gumba kikapinda.

Tabia hiyo ya PLA Bhuti huitumia kwa faida, kwani kipande cha kushika kigasha hukichapa kikiwa bapa, akakimwagia maji ya moto na kukikunja juu ya mkono wa mtu hadi kimkae. Jikoni ilikuwa hasara. Wangeweza kubadili plastiki, na walijaribu ile inayovumilia joto zaidi, lakini nguvu ya vidole ilibaki ndogo. Mama ndiye aliyelifungua fundo. Nilimwomba anirudie maneno aliyomwambia Bhuti, akayasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Hizi vidole njo muzuri ku macho, lakini ku bukari haziweze. Miye minataka mukono ya kazi."

Akaviomba vidole viondolewe. Bhuti anasema alishtuka, kwa kuwa kila mtu aliyemjia alikuja kutafuta vidole. Kisha akaketi kwenye kompyuta akavifuta vyote vitano, akaunenepesha ukuta wa kiganja, akatoboa njia ya mshazari kutoka upande wa kidole kidogo kwenda juu, upana wa mpini wa mwiko, na skrubu moja ya kuubana. Nguvu ya kusonga sasa haipiti kwenye uzi. Inatoka begani na kiwikoni, inapita kigasha na kiganja, inaingia kwenye mti moja kwa moja. Pembe ya tundu waliirekebisha mara nyingi, mama akisonga na Bhuti akiinama kutazama kifundo chake, hadi siku moja sufuria nzima ilipokwisha songwa bila yeye kusimama kupumzika.

Niliona akisonga. Anafunga mkanda kwa meno, anabana skrubu kwa mkono wa kushoto, anashika sufuria kwa kitambaa, na bega linaingia kazini. Mvuke unapanda, unga unamiminwa, mwiko unageuka, na walinzi wamepanga mstari. Mkono wenye vidole anao pia, wa kahawia, ameutundika ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Huo ni wa kanisani. Mikono yote miwili imetoka kwenye mchoro ule ule uliogawiwa bure, na nadhani hakuna kampuni ambayo ingekubali kumuuzia mteja mkono uliofutwa vidole.

Nilimwuliza Bhuti juu ya randa ya jirani yangu. Hakunipa jibu. Alitaka picha za mkono kwenye karatasi ya miraba, na picha za randa yenyewe kutoka juu, ubavuni na nyuma, na alitaka kujua jirani anasukuma au anavuta, anasimama upande gani wa meza, na kidole gumba kilichobaki kina nguvu kiasi gani. Akasema pia kwamba mimi siwezi kumpima. Apimwe na mtaalamu, kisha akae naye karakanani kwake nusu siku. Nilimwambia Moshi wataalamu wako, umbali wa safari ya bodaboda. Akanitazama akasema, "Basi mnasubiri nini?" Tangu nirudi nimelipeleka swali hilo KCMC na kwa jirani, na karatasi ya miraba ya kwanza imekwisha pigwa picha.

Siku ya kuaga Yeoville nilimkuta mama ana shauri jipya. Kibanda kinafungwa saa tisa, na alasiri yote anakaa bure. Kabla ya ajali alikuwa anashona. Anataka kushona bikwembe, yaani vitenge, tena. Mkono wa mwiko hauwezi, wa kanisani unateleza juu ya kitambaa. Alikuwa amefikiri kila kitu: anahitaji kidole kimoja tu, kipana, bapa, chenye mpira chini, cha kusukuma nguo isiende kombo chini ya sindano, na kisiwe kirefu, kisije kikachomwa. Bhuti akatoa futi. Mama akadhani anapimwa mkono, akaunyoosha.

"Hapana, mama. Cherehani iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, cherehani ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu. Wakaanza kubishana ni nani wa kuishusha, kama ishushwe au Bhuti apande na kompyuta yake, na kama mlinzi wa mlangoni atakubali. Mama akamwita kijana mmoja wa duka la simu, akamwahidi sahani ya sombe, na wote watatu wakaelekea kwenye ngazi, futi ikining'inia shingoni mwa Bhuti.